Kesi ya Maneno ya Imani

Siku serikali ya kijiji ilipokaa kumhukumu Mzee Shamte kwa wizi wa maneno, shauri lake lilikuwa ajenda ya tatu, baada ya choo cha shule na kabla ya nguruwe pori. Walikaa ndani ya ghala la korosho, kwa sababu ndilo jengo pekee lenye paa lisilovuja, na aliyepita asubuhi nyumba kwa nyumba kuwaita watu kwenye kesi hiyo alikuwa mshitakiwa mwenyewe. Ndiye mpiga mbiu wa kijiji. Angefanyaje? Kazi ni kazi.

Kijiji chenyewe kiko ndani huko, ukishapita Likawage ukaendelea mpaka uanze kujiuliza kama hujapotea. Mtandao wa simu unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya msikiti. Kwa hiyo habari zote, iwe chanjo ya kuku, salfa ya mikorosho, mkutano au msiba, zilipita mdomoni mwa Shamte, naye mdomo alikuwa nao hasa. Alitembea na debe bovu begani, akiligonga huku akiyakata maneno vipande vipande: "Ke-sho! Chan-jo! Ya ku-ku!" Watu walisema hakuna fundi wa kutangaza kama yeye kutoka pale mpaka Nangurukuru, na hata alipokuwa hana cha kutangaza aliendelea kusema tu, njiani, kisimani, msalani.

Mjukuu wake Imani alikuwa na miaka saba na maneno matatu. "Ma" lilikuwa la mama yake, Sada. "Bu" lilikuwa la babu. "E" lilitosha kwa vitu vingine vyote duniani. Si kwamba alikuwa hasikii. Ukifungua pakiti ya biskuti upande wa pili wa kijiji, yeye ndiye wa kwanza kufika. Wala hakuwa mzito wa akili. Ukimtuma vitu vitano kwa jirani alileta vitano, na cha sita ulichosahau kumwagiza. Lakini akitaka kusema neno, midomo ilihangaika, ulimi ukaenda kushoto wakati neno liko kulia, jasho likamtoka puani, na mwisho wa shughuli yote ikatoka "E".

Sada alikuwa mwanamke wa maneno machache, na watu walimsifu kwa adabu hiyo, kisha wakamlaumu kwa mengine yote. Walimwambia alikula sungura akiwa na mimba. Alimzungusha mtoto kila alikoambiwa: kakatwa kimeo, kanyweshwa kombe la aya, kalishwa ulimi wa mbuzi uliochemshwa bila chumvi, na hakuna alichopata isipokuwa maumivu na kuchukia nyama ya mbuzi.

Sasa kulikuwa na jambo la shule. Mwalimu mkuu alikuwa ametamka wazi kwamba Januari mtoto asiyeweza kuitikia jina lake hataandikishwa darasa la kwanza. Atapelekwa shule ya viziwi, ya bweni, safari ya siku nzima kwa basi. Sada alimwambia, "Lakini mwalimu, mwanangu anasikia." Mwalimu akajibu kwamba hilo hata yeye amelishuhudia, ila viziwi wenzake watamzoea.

Ndipo mtendaji wa kijiji akaamua kulitafutia jambo hili ufumbuzi wa kitaalamu. Aliitwa Nikodemu, kijana wa kutoka upande wa Mtama, mwenye stashahada na mapenzi makubwa ya takwimu. Aliwatuma wanamgambo wawili wamfuate Shamte kutwa nzima, mmoja akishika gunia, mwingine akitumbukiza korosho moja kwa kila neno analosema mzee. Kufika alasiri gunia lilikuwa limefika nusu, na mwanamgambo wa pili ameteguka kiwiko.

"Ndugu wajumbe," Nikodemu aliwaambia ghalani, gunia likiwa mbele yake kama kielelezo, "mtu wa kawaida katika kijiji hiki anatumia pishi moja ya maneno kwa siku. Nimepima. Mzee Shamte anatumia nusu gunia. Nauliza: hayo ya ziada anayatoa wapi?"

Bibi mmoja kule nyuma, ambaye hakuwa mjumbe na hakuruhusiwa kusema, akasema, "Kwani siku ya saba aliyempaka mtoto tende si yeye?"

Ghala likalipuka. Kila mtu aliikumbuka siku hiyo. Mtoto akifikisha siku saba hutafutwa mtu mwenye sifa njema, akatafuna tende, akampaka mtoto kidogo kwenye kaakaa ili aanze dunia na utamu, na wengi wanaamini mtoto atafuata tabia za aliyempaka. Sada alikuwa amemchagua baba yake kwa sababu ya ulimi wake. Na mwaka huohuo, wakakumbushana, ndio Shamte alipopewa kazi ya mbiu! Basi mambo yalikuwa wazi. Mzee hakuweka kitu mdomoni mwa mtoto. Alichukua. Nikodemu, ambaye kwao ni Wakristo wa uwanda wa Makonde na mambo ya tende hayajui, aliandika "tende" kwenye muhtasari akaipigia mstari mara mbili.

"Mzee Shamte, una la kujitetea?"

Shamte akasimama. Akafungua mdomo. Akakaa.

Mtu aliyesema nusu gunia juzi, leo hakuwa na hata korosho moja. Wajumbe walilichukua hilo kuwa ni kukiri, nao, Mungu awasamehe, hawakuwa mbali sana. Shamte alikuwa na siri aliyohama nayo kutoka ng'ambo ya mto Matandu, ambako alizaliwa. Mpaka alipofikisha miaka tisa, yeye mwenyewe alikuwa na maneno manne. Watoto wenzake walimwita Gogo. Hapa kijijini hakuna aliyejua, hata mwanawe Sada. Na tangu Imani alipofikisha miaka miwili bila kusema, Shamte alikuwa akiifikiria ile tende: ilivyotoka mdomoni mwake ikiwa na mate yake, ikaingia mdomoni mwa mtoto. Aliamini ugonjwa wake ulipita hapo. Kwa hiyo walipomwita mwizi alihisi kwamba wamekosea njia lakini nyumba wameipata.

Akahukumiwa siku arobaini za kunyamaza, ili maneno yajikusanye na kurudi kwa mwenyewe. Akitoa hata neno moja, hesabu inaanza upya.

Hukumu nyepesi, waliona. Hawakuwa wamefikiria kwamba wamemfunga mdomo mtu pekee wa kutangaza. Wiki ya kwanza daktari wa mifugo alikuja na chanjo, hakukuta kuku wala mtu, akaondoka. Wiki ya pili kikao cha chama cha msingi kilihudhuriwa na katibu na mbwa wake, na azimio likapita bila kupingwa. Nikodemu akafungua kundi la WhatsApp, na matokeo yake ni kwamba kijiji kizima kilihamia kwenye kile kichuguu. Wanawake walipeleka huko majiko. Mtu mmoja akaanguka akavunjika mkono akijaribu kusoma tangazo lililosema tusipande kichuguuni kwa wingi. Ilipoonekana kuwa afadhali mzee afunguliwe, ikabidi kuitishwe mkutano wa kumfungua, na mkutano haukuweza kuitishwa kwa sababu hakukuwa na wa kuutangaza.

Shamte alikaa barazani akiangalia mambo haya yote, na mdomo ulimwasha. Aliyemfaa siku hizo ni Imani. Mtoto yule aliishi miaka saba katika nchi ambayo babu yake ndiyo kwanza anaingia, na alimpokea vizuri. Alimfundisha jinsi ya kuomba maji kwa kidole na shavu. Alimfundisha kusema "yule bwana mwongo" kwa nyusi peke yake. Shamte akagundua kitu kilichomtia aibu: mtoto huyu alikuwa akisema mchana kutwa, miaka yote hiyo, na yeye hakuwahi kunyamaza akamsikia.

Siku ya ishirini na nne, daktari wa mifugo alituma ujumbe kwamba atarudi kwa mara ya mwisho. Nikodemu akaja barazani amekata tamaa, akamsomea Shamte ujumbe ule kama mtu anayesali kaburini. Imani alikuwa pale. Alisikiliza, akachukua debe la babu yake, akatoka.

Kila mlango aliofika aligonga debe mpaka watu watoke, kisha akawa kuku. Alitembea kikuku, akakwaruza chini, akageuka daktari, akamkamata yule kuku ambaye pia ni yeye, akamchoma sindano kwenye bawa, akalia "E!" kwa uchungu wa kweli. Kisha akaonyesha jua linapochomoza na kidole kimoja: kesho, asubuhi. Hakuna aliyekosa kuelewa. Watu walimfuata nyumba hadi nyumba ili waone tena. Kesho yake wakaletwa kuku mia tatu na kumi na mbili, na kanga wawili wasiohusika.

Toka siku hiyo Imani akawa ndiye mbiu ya kijiji. Alitangaza salfa kwa kupiga chafya. Alitangaza kikao cha mapato na matumizi kwa kulala usingizi wima, na wajumbe walikasirika, lakini walikuja. Nikodemu aliandika kwenye ripoti yake kwamba maneno yameanza kurejea kwa mmiliki kupitia mikono.

Halafu likaja tangazo ambalo mtendaji alilisoma mara mbili kabla ya kumpa mtoto. Wataalamu kutoka Dar watakuwa hospitalini Lindi wiki moja, kuona watoto wenye shida ya kusema. Imani akasikiliza, akainamisha kichwa, akaenda. Hakuzunguka kijiji kizima. Alikwenda kwa mama yake jikoni, akashika mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili, akaufungua na kuufunga kama mlango ulioshika kutu, kisha akaonyesha upande basi linakoelekea. Sada aliacha sufuria motoni.

Walikwenda watatu. Shamte alikuwa kwenye siku ya thelathini na moja.

Mtaalamu aliitwa Bertha, mama wa makamo mwenye miwani na subira. Alimwamkia mzee, "Shikamoo," Shamte akaitikia kwa kuweka mkono kifuani, na Bertha akaandika jambo. Alicheza na Imani karibu saa nzima, kwa picha, kwa vikombe, kwa mapovu ya sabuni. Alimpima masikio. Kisha akamgeukia Sada.

"Mama, mwanao anasikia vizuri kuliko mimi. Anaelewa kila kitu. Anajua hasa anachotaka kusema. Tatizo ni kwamba amri ikitoka kichwani kwenda mdomoni inavurugika njiani, ulimi na midomo havijui nani aanze. Si uvivu, si kimeo, wala si vitu ulivyokula."

Sada akauliza kwa sauti ndogo, "Hata sungura?"

"Hata tembo. Wakati mwingine mtoto anazaliwa nalo tu. Linaweza kuwa limeshuka katika ukoo, kama pua zinavyoshuka. Nataka tuchukue damu tuipeleke kupima, majibu yatakawia miezi. Katika familia kuna mtu aliyechelewa kusema?"

Sada akatikisa kichwa. "Hakuna."

Shamte akatazama sakafu. Siku tisa zilikuwa zimebaki, lakini si hesabu iliyomtisha. Kilichomtisha ni uso wa binti yake. Alitafuta debe begani, hakulikuta, akaanza kugonga meza kwa kidole.

"Mi," alisema. Mdomo ulikuwa mgumu kwa kulala. "Mi-mi. Ni mi-mi."

Na maneno yakatoka, moja moja, kidole kikiyasukuma. Gogo. Miaka tisa. Bibi yake aliyekuwa akimketisha kando ya kinu kila asubuhi, neno moja kwa siku nzima, mchi ukishuka kwa kila kipande, ma-ji, ma-ji, ma-ji, mpaka mahindi yakawa unga na neno likawa neno. Ndiyo maana alitangaza kwa kugonga. Watu walidhani ni mbwembwe. Hakuwa na njia nyingine ya kuyatoa.

Bertha alikuwa ameacha kuandika. "Huyo bibi yako alisomea wapi?"

"Ha-kusoma."

"Mimi nimesoma miaka mingi kujifunza kitu kinachofanana na hicho."

Lakini Sada hakuwa akimsikiliza Bertha. "Baba," alisema. "Miaka saba wananinyooshea kidole mimi. Ulikuwa umekaa palepale barazani."

Shamte akalia, mzee mzima, mbele ya mabango ya chanjo. "Ni-lidhani ni ten-de. Nilidhani nimempa kwa ma-te."

Ilibidi Bertha aelezwe habari ya tende, na ya korosho, na ya siku arobaini. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. "Mzee, tende haina kosa. Angepakwa na mtu mwingine yeyote ingekuwa vilevile. Kama limetoka kwako, na bado hatujui, basi limetoka kama yalivyotoka haya masikio." Akamshika Imani sikio, ambalo kweli lilikuwa la Shamte, limesimama kama la popo. "Hukuiba na hukuambukiza."

Akawafundisha mazoezi, akawaambia itachukua miaka na kwamba maneno mafupi yataanza. Akaandika barua ya kurasa mbili kwamba mtoto asome shule ya kijijini pamoja na wenzake. Kwenye basi la kurudi Sada hakumsemesha baba yake mpaka walipovuka Matandu. Hapo alimmenyea chungwa, akampa.

Barua ilisomwa ghalani wiki hiyohiyo. Nikodemu aliisoma kwa sauti ya mahakama, na alipofika penye "huenda amerithi kutoka kwa babu" alisimama, akairudia.

"Tulisema!" watu wakapiga kelele. "Hospitali imethibitisha!" Wajumbe walipeana mikono. Bibi wa tende alibebwa juu juu. Shamte alijaribu kueleza kwamba kurithi si kuibiwa, akagonga debe mpaka likatoboka, na hakuna aliyetaka kumsikia, wala aliyekumbuka kwamba siku arobaini zianze upya.

Kisha mwalimu mkuu akasimama. Akasema yeye haingilii mambo ya tende, lakini amesikia kwamba huu ni ugonjwa wa kuzaliwa. Kama ni ugonjwa, basi ni jambo la wataalamu, na shule yake haina mtaalamu hata wa chaki. Mtoto aende bweni. "Lakini kama ni wizi," aliongeza, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, "hapo mtoto amedhulumiwa, na siwezi kumwadhibu aliyedhulumiwa."

Sada akamshika baba yake mkono. Mfukoni mwa kanzu Shamte alikuwa na nakala ya barua inayomtakasa, yenye muhuri, kitu alichokihitaji maisha yake yote. Alimtazama Imani, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la ushahidi akimwonyesha kwa nyusi yeye anavyomwona mwalimu mkuu.

"Ni-meiba," Shamte akasema. "Ni mi-mi. Ni-andikeni."

Wakamwandika. Adhabu ilikuwa kwamba mwizi ataingia darasa la kwanza pamoja na aliyemwibia, atakaa naye dawati moja, na kila mtoto huyo atakapotakiwa kusema, yeye atatoa sauti, mpaka mwenyewe atakapopata yake. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba madawati hayatoshi. Akaambiwa muhtasari umeshaandikwa.

Jumatatu ya kwanza ya shule, Shamte aliketi na magoti yamefika masikioni, na madaftari mawili mapya. Mwalimu wa darasa, Yustina, alikuwa msichana aliyepangiwa kazi majuzi tu kutoka chuoni, na alikuwa ameamua kutoshangazwa na chochote. Akaita majina. Watoto wakaitikia, "Nipo! Nipo!" Jina la mzee lilikuwa la mwisho, limeongezwa kwa kalamu ya bluu, na lililolitangulia lilikuwa la mjukuu wake.

"Imani."

Shamte akavuta pumzi kumwitikia. Mkono mdogo ukamziba mdomo.

Imani akasimama. Midomo ikaanza kuhangaika, ulimi ukaenda usikotakiwa ukarudi, jasho likamtoka puani. Watoto wakageuka kutazama. Mmoja akataka kucheka, Yustina akamwangalia, akaacha. Ilichukua muda mrefu, muda ambao hesabu tano za kujumlisha zingeisha, na mwalimu hakuita jina lingine.

"Po," alisema Imani.

Yustina akaweka alama, akasogeza kalamu mstari unaofuata.

"Shamte."

Shamte alikuwa na nusu gunia la maneno, yote yamemkaba kooni kwa mara moja. Imani alikuwa ameshautoa mkono wake mdomoni mwa babu, na bado halikutoka hata moja.

"Shamte?"

Watoto wote walikuwa wakimwangalia. Machozi yalimshuka mpaka kwenye ndevu. Yustina akasubiri kidogo, kisha akamwandika hayupo.